Rimu ya karatasi: kutoka Dunhuang hadi Samarkand, Baghdad na Fabriano (uzi mrefu, njoo na chai)

Mkoba wa Babu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mtoto wangu wa darasa la tatu kaleta orodha ya mahitaji ya muhula: fagio, ndoo yenye mfuniko, na rimu moja ya karatasi. Mama yake akaanza kulalamikia bei, mimi nikabaki nimeshikilia neno. Rimu. Sisi tumelitoa kwa Waingereza, wao kwa Wafaransa, Wafaransa kwa Wahispania wanaosema resma, na Wahispania walilipata kwa Waarabu wa Andalusia waliosema rizma, yaani furushi. Na hilo neno karatasi nalo ni la Kiarabu, qirtas, ambalo asili yake ni khartes la Wagiriki, mafunjo ya Misri yaliyoandaliwa kwa kuandikia. Kwa hiyo mtoto kaandika maneno mawili ya Kiarabu yaliyofuatana: moja lilikuja pwani moja kwa moja kwa jahazi, jingine likazunguka Ulaya nzima ndipo likafika Kariakoo.

Uzi huu ni wa karatasi. Najua Zama za Kati zikitajwa humu watu hukimbilia Genghis Khan, Salahuddin, na Mansa Musa na dhahabu yake. Hao wana nyuzi zao. Mimi nataka tufuate kitu kimoja cha bei rahisi kilichopita mikononi mwa dola zote hizo, na naanza kwa kubomoa hadithi ambayo mwenyewe niliiamini miaka mingi.

Hadithi ni hii. Mwaka 751, kando ya mto Talas, ambako leo Kazakhstan na Kyrgyzstan zinapakana, jeshi la nasaba ya Tang kutoka China lilikutana na jeshi la Bani Abbas, ukoo wa makhalifa wa Kiislamu. Wachina waliongozwa na Gao Xianzhi, jenerali mwenye asili ya Korea. Wakarluk, Waturuki waliokuwa upande wake, wakamgeuka vita ikiwa imepamba moto, akapigwa. Mateka wakapelekwa Samarkand, kumbe miongoni mwao wamo mafundi wa karatasi. Siri ya Wachina ikavuja, dunia ikabadilika.

Tamu, sivyo? Aliyetuachia ni al-Tha'alibi, mwandishi wa Nishapur aliyefariki mwaka 1038. Kati yake na vita ile kuna karibu miaka 300. Ni kama mimi leo nikae barazani nikuhadithie kwa uhakika nani alibeba mzigo gani siku Mreno aliporudi Mombasa mwaka 1728.

Shahidi aliyekuwepo anaitwa Du Huan. Alitekwa Talas, akakaa katika nchi za Waislamu zaidi ya miaka kumi, akarudi China kwa meli mwaka 762. Katika vipande vya maandishi yake vilivyosalia anawataja mafundi wa Kichina aliowakuta Kufa (mji wa Iraq, si kitenzi): wachoraji, wafua dhahabu na fedha, wafumaji. Watengeneza karatasi hawamo.

Tena, mwaka 1933 katika mlima Mugh, Tajikistan, zilipatikana nyaraka za Divashtich, mtawala wa Panjikent aliyeuawa na Waarabu mwaka 722. Baadhi ziko juu ya ngozi, baadhi juu ya vijiti, na baadhi juu ya karatasi. Hesabu mwenyewe: mtu kafa miaka 29 kabla ya Talas, na ofisini kwake karatasi imo.

Lakini ushahidi ninaoupenda ni mfuko wa barua ambazo hazikufika. Mwaka 1907 Aurel Stein, mtafiti wa mambo ya kale, aliuokota kwenye kifusi cha mnara wa ulinzi, magharibi ya Dunhuang, pale ambapo misafara ya Njia ya Hariri ilikuwa ikiingia jangwani. Barua za Wasogdia, wafanyabiashara wenye asili ya Samarkand na jirani zake, zimeandikwa juu ya karatasi kiasi cha mwaka 313. Moja ilikuwa inaelekea Samarkand kwenyewe, imefungwa kwa hariri, inapeleka habari kwamba Luoyang, mji mkuu wa China, umechomwa, naye mfalme kakimbia kwa sababu ya njaa. Nyingine ni ya mwanamke anaitwa Miwnay. Mume wake, Nanai-dhat, alimwacha Dunhuang na binti yao Shayn, na miaka mitatu imepita. Ameomba msaada kwa ndugu na marafiki wa mume, kila mmoja anampa kisogo. Anamwambia mumewe kwamba ni afadhali angekuwa mke wa mbwa au wa nguruwe kuliko kuwa mke wake. Chini yake binti kaongeza maneno yake: kuna mtu kakimbia na madeni, na wao wawili sasa wamekuwa watumishi kwa Wachina.

Hiyo ndiyo karatasi ilivyovuka Asia. Miaka zaidi ya 400 kabla ya jenerali yeyote kushindwa Talas, tayari ilikuwa kwenye mizigo ya wachuuzi, imebeba bei za bidhaa na malalamiko ya ndoa.

Nikipumzika naendelea. Mods msiunganishe uzi, tafadhali.

Mbishi Halali

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka mwanzo. Karatasi aligundua Cai Lun mwaka 105, kila mtu anajua. Na swali langu la pili: ngozi ilikuwepo, mafunjo yalikuwepo, watu waliandika Biblia na Qur'an bila shida. Karatasi ilikuja kutatua tatizo gani hasa?

Mkoba wa Babu

Mbishi, la kwanza fupi. Cai Lun, towashi wa ikulu ya Han, ndiye aliyeipeleka mbele ya mfalme mwaka 105 na kueleza namna ya kuitengeneza kwa magome ya miti, matambara na nyavu chakavu. Sifa yake ni halali. Ila vipande vya karatasi vya karne ya 2 kabla ya Kristo vimechimbuliwa China, kimojawapo, cha Fangmatan, kikiwa na mistari inayoonekana kuwa ramani. Cai Lun alikuwa mtu wa kusanifisha. Wapo kila mahali, na mara nyingi jina linabaki kwao.

Kwa Wachina tatizo lilikuwa uzito. Kabla ya karatasi Wachina waliandika kwenye hariri, ambayo ni ghali, au kwenye vipande vya mianzi vilivyofungwa kamba kama jamvi. Historia yao inasema Qin Shi Huang, mfalme wa kwanza, alipima nyaraka kwa mizani, akajiwekea kiwango cha kila siku ambacho kwa vipimo vya leo ni kama kilo 30. Fikiria bosi anayepima barua kwa kilo!

Kisha ikaingia dini. Katika Ubudha kunakili maandiko ni thawabu, na ukinakili mara elfu thawabu zinaongezeka. Imani ya namna hiyo inataka kitu cha bei nafuu. Japani, Malkia Shotoku aliagiza miaka ya 760 dua milioni moja zichapwe kwenye vikaratasi, kila kimoja kiwekwe ndani ya mnara mdogo wa mbao. Watu wasome? Hapana, vilifungiwa humohumo. Thawabu ilikuwa katika kuchapa. Na ule msahafu wa Kibudha unaoitwa Sutra ya Almasi, uliochapwa kwa mbao mwaka 868 na kukutwa pangoni Dunhuang, una maneno mwishoni yakisema mtu mmoja, Wang Jie, ameutoa bure kwa watu kwa niaba ya wazazi wake wawili. Ndicho kitabu kilichochapwa cha zamani zaidi chenye tarehe iliyoandikwa ndani yake. Sadaka ya mtoto kwa wazazi.

La pili, kwa nini waache ngozi. Hilo linatupeleka Baghdad.

Baghdad ilianzishwa na al-Mansur mwaka 762. Dola ya Bani Abbas ilikuwa ya makarani: kodi ya ardhi kutoka Misri mpaka Khurasan, mishahara ya askari, barua za posta. Nyaraka zao ziliandikwa kwenye ngozi na mafunjo. Sasa wino juu ya ngozi unakaa juujuu. Chukua kisu, kwangua, andika tarakimu mpya, hakuna atakayejua. Mia ikawa mia tano. Juu ya karatasi wino unazama ndani ya nyuzi, na ukikwangua pale unachanika au panabaki kovu. Al-Qalqashandi, karani wa Misri aliyeandika karne ya 15 mwanzoni, anasema khalifa Harun al-Rashid ndiye aliyeamuru watu waandike kwenye karatasi, na sababu anayoitoa ni hiyo: ngozi inafutika na kughushiwa. Ibn Khaldun anamtaja waziri wa ukoo wa Barmaki, al-Fadl bin Yahya, kuwa ndiye aliyeshauri karatasi itengenezwe.

Kwa hiyo wanaokwambia karatasi iliingia Baghdad kwa ajili ya falsafa ya Aristotle wanakupa nusu ya habari. Iliingia kwa mlango wa ofisi ya mapato, kuzuia makarani wezi. Falsafa ilikuta mlango uko wazi ikaingia nayo.

Fundi Cherehani

Hahaha eti mia ikawa mia tano. Kumbe mambo ni ya siku nyingi.

Mkuu wengine tuna kichwa cha fundi. Ilitengenezwaje? Maana Uarabuni hakuna msitu.

Mkoba wa Babu

Fundi, wewe ndiye mtu wa karibu zaidi na habari hii, maana malighafi yao ilikuwa vipande vinavyobaki chini ya cherehani yako. Karatasi ya miti ya msituni ni mambo ya karne ya 19. China walitumia gome la ndani la mforosadi na nyuzi za katani ile ya jamii ya bangi (tulieni). Samarkand na Baghdad walitegemea matambara ya kitani na kamba chakavu.

Unaloweka matambara yaoze kidogo, unaponda mpaka nyuzi zitengane na kuwa kama uji. Unamimina kwenye pipa la maji, unazamisha chekeche bapa, unainua, maji yanachuruzika, nyuzi zinabaki zimesukana zenyewe. Unaigeuza, unaikausha ukutani. Karatasi hiyo ukiiandikia inanyonya wino kama kitambaa, kwa hiyo inapakwa wanga wa ngano au mchele, kama wanaopiga pasi kanzu wanavyotia wanga, kisha inasuguliwa kwa jiwe laini mpaka ing'ae. Kalamu ya mwanzi inateleza juu yake.

Mafundi wa kazi hii na wauza vitabu na wanakili Baghdad waliitwa warraqun. Al-Ya'qubi, karne ya 9, anahesabu maduka yao zaidi ya 100 katika soko moja. Mmoja wao, Ibn al-Nadim, karne iliyofuata aliandika orodha ya kila kitabu cha Kiarabu alichokijua, Fihrist, akaikamilisha mwaka 987 au 988. Vitabu vingi alivyovitaja leo hatuna, tumebaki na majina tu.

Mbishi Halali

Hatuna kwa sababu Hulagu, mtawala wa Wamongoli, alitupa maktaba nzima mto Tigris mwaka 1258 mpaka maji yakawa meusi kwa wino siku kadhaa. Hilo nalo utabomoa?

Mkoba wa Babu

Nitalipunguza. Baghdad ilitekwa Februari 1258, khalifa al-Musta'sim akauawa, watu waliouawa ni wengi mno, na vitabu viliangamia. Hilo halina ubishi. Habari ya mto kuwa mweusi inatoka kwa waandishi wa baadaye, na inafanana mno na mambo ambayo watu husema wakitaka msikilizaji alie. Nasir al-Din Tusi, mnajimu aliyekuwa na Hulagu, aliokoa vitabu vingi akavipeleka Maragha, kwenye kituo cha kuangalia nyota kilichoanza kujengwa mwaka 1259 kwa fedha za huyohuyo Hulagu. Mtu yule yule kachoma na kajenga. Mimi naona kilichoua vitabu vingi kuliko Mmongoli ni mchwa, unyevu, na warithi wasiojua kusoma.

Na adui mwingine ni duka la vyakula. Nasir Khusraw, msafiri wa Kiajemi aliyekuwa Cairo miaka ya 1040, alishangaa kuona wauza duka wa huko wanampa mteja chombo au karatasi ya kubebea mzigo bila kumtoza. Abd al-Latif al-Baghdadi, daktari aliyekuwa Misri kiasi cha mwaka 1200, anasimulia jambo la kutisha zaidi: watu walichimba makaburi ya mafirauni, wakavua sanda za kitani za maiti, na zile zisizofaa kuvaliwa wakawauzia watengeneza karatasi za kufungia bidhaa. Ukinunua bizari Cairo zama hizo, huenda imefungwa kwa sanda ya kuhani wa Amun.

Wakati huohuo India, kule pwani ya Malabar, karatasi ilikuwa zawadi. Tunajua kwa sababu ya chumba kimoja ndani ya sinagogi ya Ben Ezra, Fustat, yaani Cairo ya kale. Wayahudi wa pale hawakutupa karatasi yenye maandishi, isije ikawa ina jina la Mungu. Walizisokomeza chumbani kwa karne nyingi, mpaka Solomon Schechter alipozipeleka nyingi Cambridge miaka ya 1896 na 1897. Humo zimo barua za Abraham Ben Yiju, mzaliwa wa Mahdia, Tunisia, aliyeishi Mangalore tangu miaka ya 1130 hadi 1149, akifanya biashara ya pilipili na karakana ya vyombo vya shaba. Rafiki zake wa Aden, pamoja na sukari na zabibu, walimtumia karatasi, kwa kuwa huko aliko haipatikani. Naye akabana matumizi: nyuma ya barua za watu kaandika hesabu zake, pembeni kaweka mashairi. Huyo mtu namwelewa kabisa.

Kaskazi na Kusi

Nimeona noti za Wachina hujazitaja. Pesa za karatasi si walianza wao?

Mkoba wa Babu

Nilikuwa nazihifadhi. Hiki ndicho kisa changu cha jioni, kaa vizuri.

Sichuan, China, watu walitumia sarafu za chuma. Chuma ni kizito na thamani yake ndogo, ukienda kununua kitu cha maana unahitaji punda. Wafanyabiashara wa Chengdu wakaanza kuweka sarafu kwa mwenzao anayeaminika, wanapewa hati, hati zikaanza kuzunguka zenyewe. Baadhi ya waweka hazina wakashindwa kulipa, serikali ya Song ikaingilia, na mwaka 1024 ikatoa za kwake. Kublai Khan, Mmongoli aliyetawala China na ndugu wa Hulagu, akatoa zake mwaka 1260, na Marco Polo alikuta nchi nzima inauziana kwa magome ya mforosadi yenye muhuri, na anayekataa adhabu yake ni kifo.

Sasa nenda Tabriz, Uajemi, mwaka 1294. Anatawala Gaykhatu, mjukuu wa Hulagu. Ng'ombe na kondoo wa Wamongoli wamekufa kwa tauni, na Gaykhatu mwenyewe mkono wake haukuwa na vidole vya kuzuia fedha. Hazina tupu. Waziri wake, Sadr al-Din, akaja na wazo: tufanye kama Kublai. Bolad, mjumbe wa Kublai aliyekuwa pale, akaeleza namna noti zinavyofanya kazi. Zikachapwa. Zilikuwa na herufi za Kichina na juu yake shahada ya Kiislamu, zote pamoja, na wakaziita kwa jina lilelile la Kichina, chao. Tangazo likatoka: dhahabu na fedha zirudishwe, atakayekataa noti auawe.

Soko la Tabriz likafunga. Hivyo tu. Wauza nafaka hawakufungua, wenye mali wakaanza kutoroka mji, wenye njaa wakaanza kuporana, waziri akasakamwa. Baada ya kama miezi miwili agizo likafutwa. Mwaka uliofuata Gaykhatu akauawa na makamanda wake, kwa sababu nyingi, na hii ilikuwa mojawapo ya aibu zake.

Karatasi ileile, uchapaji uleule, dola za ukoo mmoja. China ilikubalika kwa sababu watu walikuwa wamezizoea hati za wachuuzi kwa vizazi kadhaa kabla mfalme hajaweka mkono wake. Tabriz ilishushwa kutoka juu usiku mmoja na mtu ambaye kila mwenye duka alijua hana kitu.

Fundi Cherehani

Wenye duka wa Tabriz walikuwa na akili kuliko sisi tuliojiunga na upatu wa kwenye simu mwaka ule. Nisiseme zaidi.

Bint Mrima

Nafuatilia kimya tangu mwanzo. Neno qirtas limo kwenye Qur'an, Surat Al-An'am aya ya 7, wapinzani wakiambiwa hata kitabu kikiteremshwa katika karatasi wakakigusa kwa mikono yao bado watakataa. Hapo ina maana karatasi ilishafika Makka?

Mkoba wa Babu

Ahsante dada, umenikumbusha. Wakati ule qirtas ilimaanisha mafunjo, au kitu chochote cha kuandikia cha namna hiyo. Kitu kipya kilipokuja kutoka Samarkand kilirithi jina. Waajemi na Wahindi wao walishika jina la njia ya Asia ya Kati, kaghaz, kagaz. Sisi wa pwani tukachukua la Waarabu.

Sasa Ulaya, nitaenda mbio kidogo kwa sababu huku mmeshasoma shuleni.

Hati ya karatasi ya zamani zaidi iliyosalia Ulaya ni ya mwaka 1109, kutoka kwa Adelasia, mjane aliyetawala Sicily kwa niaba ya mwanawe. Ni amri ya kulinda monasteri, imeandikwa Kigiriki na Kiarabu. Karatasi nzuri wakati huo ilitoka Xàtiva, Hispania ya Waislamu, na al-Idrisi, mwanajiografia, aliisifu kuwa haina mfano duniani. Wakristo wengi hawakuiamini. Mwaka 1231 Frederick wa Pili, mfalme wa Sicily, alikataza nyaraka za umma kuandikwa kwenye karatasi, kwamba haidumu. Kwa hali ya hewa yao hakukosea sana: wanga uliopakwa juu ulikuwa chakula cha kuvu na wadudu.

Waliotatua hilo ni mafundi wa Fabriano, mji mdogo wa milimani Italia, katika karne ya 13. Wanga wakauacha, wakatumia gundi inayopatikana kwa kuchemsha mabaki ya ngozi. Kazi ya kuponda matambara wakaikabidhi gurudumu la maji linaloinua na kuangusha michi. Halafu mtu mmoja akapinda waya akaushonea kwenye chekeche, na karatasi ikatoka na sura inayoonekana tu ukiielekeza kwenye mwanga. Alama ya maji, ileile unayoitafuta kwenye noti ya elfu kumi ukihisi umepigwa. Za kwanza ni za kiasi cha mwaka 1282.

Bei ikashuka, na karatasi ya Waitalia ikarudi kusini kuuzwa kwa wajukuu wa waliowafundisha. Hapo pakatokea tatizo. Alama zile nyingine zilikuwa misalaba, nyingine wanyama. Tlemcen, Algeria ya leo, watu wakamwendea mwanachuoni Ibn Marzuq: je, inafaa kuandika Qur'an na elimu juu ya karatasi ya Warumi (yaani Wakristo wa Ulaya) yenye msalaba ndani yake? Akajibu kwa fatwa ndefu mwaka 1409. Inafaa. Ukiandika jina la Mwenyezi Mungu juu ya alama ile, umeifunika batili kwa haki. Na alijua vizuri kwamba mjini kwake karatasi nyingine ilikuwa ngumu kupatikana.

Gutenberg nampa mistari miwili tu. Bi Sheng wa China alikuwa na herufi za udongo za kupanga miaka ya 1040, Wakorea walichapa kitabu kwa herufi za chuma mwaka 1377, yeye akaja miaka ya 1450. Nakala nyingi za Biblia yake ziko juu ya karatasi ya Italia. Zile chache za ngozi zilikula ndama kama 170 kila moja.

Mbishi Halali

Na Afrika? Au sisi tulikuwa tunatazama tu?

Mkoba wa Babu

Misri na Moroko ziko bara gani? Fes na Cairo zilikuwa zinatengeneza karatasi wakati Nuremberg, Ujerumani, ilisubiri kiwanda chake cha kwanza mpaka mwaka 1390. Timbuktu hawakutengeneza, walinunua, na walinunua kwelikweli: Leo Africanus, msafiri aliyepita huko mwanzoni mwa karne ya 16, anasema faida ya vitabu vinavyoletwa kuuzwa pale ilizidi ya bidhaa nyingine zote.

Pwani yetu pia ilinunua. Barua za Kiswahili za zamani zaidi tunazozijua, za kutoka Kilwa, mwaka 1711, zimehifadhiwa Goa, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ila hapo nimeshatoka nje ya Zama za Kati.

Bint Mrima

Usitoke haraka. Nyumbani kwetu Lamu kuna msahafu wa mkono, wazee husema ulinakiliwa Siyu. Haushikwi ovyo. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikigeuziwa kurasa karibu na taa, naona miezi ndani ya karatasi. Si ya wino. Nyanya akiniambia ni nuru ya maneno. Sasa nakusoma hapa na mwili unanisisimka.

Mkoba wa Babu

Dada, subiri. Miezi mingapi? Siyu palikuwa na wanakili hodari wa misahafu karne ya 18 na 19, na karatasi yao ilitoka nje. Kulikuwa na karatasi iliyotengenezwa upande wa Venice mahsusi kwa masoko ya dola ya Uthmaniya, wakaachana na misalaba wakaweka hilali, ili mteja asihitaji fatwa. Inaitwa karatasi ya miezi mitatu, na imepatikana toka Istanbul mpaka Sudan na Timbuktu. Msiupige gundi ya plastiki, msiupeleke kwa mtu wa kulamineti. Ukipata ruhusa, fungua ukurasa mmoja tu dirishani asubuhi, usiutumie mwanga wa simu kwa karibu. Niambie ni mingapi, na kama inalingana.

Bint Mrima

Nimempigia mama sasa hivi, umeme upo. Anasema mitatu, imepangwa mstari mmoja. Hailingani. Mkubwa, wa kati, mdogo.